Bustani ya Jiji Inayoelea

Kama Jumapili iliyopita gazeti hili lilifungiwa mandazi kabla hujalisoma, nitakurudisha nyuma kidogo, kisha tuendelee kuteseka pamoja.

Mimi ni Okinyi, kinyozi wa Kaloleni hapa Kisumu. Nampenda Mercyline, binti ya Mzee Wanyonyi wa Eldoret. Baba yangu ni marehemu, kwa hiyo nilipokwenda kuposa nilimbeba baba mdogo, Absalom, awe msemaji wetu. Nilimchagua kwa sababu ana mdomo. Wakati huo nilidhani mdomo ni sifa.

Huko Eldoret mambo yalikwenda vizuri mpaka baba mdogo alipotoka nje kujisaidia, akapotea uani, akanipigia simu nimwelekeze. Alikuwa ameniwekea mlio maalumu wa kumtambua anapopiga, nami sikuwahi kuusikia. Ulikuwa ni sauti yake mwenyewe, ameirekodi akiwa ameshiba.

"Eldoret si jiji. Ni shamba la mahindi lenye taa za barabarani."

Mchungaji alisikia. Wazee walisikia. Waliendelea kusikia, kwa sababu nilikuwa nimevaa koti la kuazima lenye mifuko mingi na simu sikuiona upesi. Nikasema hicho ni kipindi cha redio. Baba mdogo aliporudi akaapa kwa kaburi la mamake kwamba ile sauti haijui.

Mzee Wanyonyi aliweka kikombe chini, akasema hawezi kutoa binti kwa watu wanaotukana mji uliomlea. Posa iliokolewa na mkewe, Mama Nasipwondi, akisema kutoka jikoni bila kuonekana.

"Basi mimi nitaenda nione hiyo Kisumu yao na macho yangu. Nikiona ni jiji, waoane. Nikiona ni joto na mbu tu, wasirudi hapa."

Hapo ndipo nilipowaachia.

Sasa kuna jambo moja ulielewe, la sivyo utanicheka mahali pa kunihurumia. Kwao Wabukusu, na hata kwetu Wajaluo, kijana na mama mkwe hawakaribiani. Hamsalimiani kwa mkono. Hamketi pamoja. Mkikutana njiani, mmoja wenu ghafla anakumbuka alikuwa akielekea kichakani. Mkigusana, wazee huitwa, kondoo hutafutwa, na mara nyingi posa hufa kabla ya kondoo. Mzee Wanyonyi alinitumia onyo kupitia Mercyline: mama akimwona huyo kijana hata kisigino, mambo yameisha.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kumtembeza mgeni mji wangu mzima bila mgeni kuniona.

Tulipanga hivi. Baba mdogo atatembea na Mama na kumsifia mji. Mimi nitatangulia kila mahali nihakikishe mji unasifika. Mercyline atabeba mwavuli mwekundu. Akiufungua, maana yake ni kwamba mama yake anatazama upande wangu, nami nipotee.

Asubuhi kabla mgeni hajafika, baba mdogo alichukua simu yangu mezani.

"Umeizima sauti. Leo mimi ndio daraja kati yako na huyo mama. Nikikupigia usisikie, tutafanya nini?"

Aliifinya finya, akanirudishia, akasema ameirekebisha. Sikumwuliza ameirekebisha vipi. Nilikuwa na haraka ya kwenda kumwomba mwenye mbuzi wa pale mzunguko awaondoe mbuzi wake barabarani.

Mama Nasipwondi alishuka kwenye gari la Eldoret amevaa sweta nzito na viatu vya kijani. Nilimwona kutoka nyuma ya kibanda cha viazi karai. Ni mama mfupi, mpana, mwenye kituo, anayefuga ng'ombe wa maziwa na kuwatazama watu kama anawauliza wametoa lita ngapi.

"Hii joto mnaipikia nini?" aliuliza hata kabla ya salamu.

"Karibu Kisumu, Mama," baba mdogo akasema. "Hilo ni jua letu. Nyinyi huko mnavaa sweta hata kwa ndoto."

"Sweta ni heshima, Bwana Absalom. Hapa naona watu wanatembea vifungo vimefunguliwa mpaka kitovu."

"Ndio wageni wapate hewa."

Wakaanza kutembea, na ugomvi ukatembea nao. Ulikuwa ugomvi wa kucheka, lakini kila mmoja alikuwa akihesabu mabao. Baba mdogo akionyesha barabara, Mama alisema kwao barabara kama hiyo wanaanikia mahindi. Mama akitaja wanariadha, baba mdogo alisema mtu akizaliwa Eldoret lazima ajifunze kukimbia, maana hakuna sababu ya kubaki.

Mimi nilikuwa mbele, mwavuli ukifunguka na kufungwa. Soko la Kibuye nilijificha ndani ya kabati la nguo lililokuwa likiuzwa. Mteja akalifungua, akanikuta, akamwuliza mwenye kabati kama mimi niko ndani ya bei.

Nikiwa humo kabatini niliwasikia wakipita.

"Ujiji wenu ni wa juzi, Mama. Hata haujaota meno."

"Sawa, sisi ni mtoto. Lakini mtoto ako na maziwa. Huyu mzee wenu ako na nini?"

"Ako na ziwa."

Nikasikia viatu vya Mama vikisimama.

"Ziwa kweli hatuna," akasema. "Nipeleke nione hiyo ziwa. Nikiipenda, nitamwambia Mzee Wanyonyi. Mambo yaishie hapo."

Moyo uliniruka kabatini. Ziwa lilikuwa turufu yetu. Nilijua Mama hataweza kulishinda. Kwao wana Mto Sosiani, ambao mtu mwenye miguu mirefu anauvuka akizungumza na simu. Nikatoka mbio, nikapanda boda boda, nikamwambia anipeleke Dunga ufukweni nikatafute boti safi kabla hawajafika.

Nilipofika Dunga, ziwa halikuwepo.

Naomba nisidhaniwe nimelewa. Mahali ambapo jana kulikuwa na maji, leo kulikuwa na majani. Gugumaji lilikuwa limesukumwa na upepo usiku, likajaza ghuba yote, kijani kibichi tangu miguuni pangu mpaka macho yalipochoka. Korongo alikuwa akitembea juu yake mahali ambapo watu hupiga mbizi. Sisi wenyeji tumezoea. Leo liko Dunga, kesho upepo umelipeleka kwa watu wa Homa Bay, nao watalirudisha. Lakini utamweleza nini mgeni kutoka Eldoret aliyekuja kupima ziwa?

"Kuna njia katikati bado iko wazi," aliniambia Aloo, kijana mwenye boti. "Tukitoka haraka tutafika maji safi. Tukichelewa itafunga."

Tukakubaliana atumie boti yake ya bluu. Akaenda kutafuta mafuta ya mashine. Nilibaki nimesimama pale nikiomba upepo, nikageuka, nikaona mwavuli mwekundu juu ya njia umefunguka wazi.

Mama alikuwa ameshafika. Anateremka.

Nilitazama kushoto: matope na mafunjo. Kulia: akina mama wakikaanga samaki, wamejaa, hakuna pa kupenyeza hata mkono. Mbele: mama mkwe. Nyuma yangu kulikuwa na boti mbili, ile ya bluu aliyopangiwa Mama, na nyingine kando yake, yenye turubali lililokunjwa upande wa mbele. Nikaruka ndani ya hiyo ya kando, nikajilaza, nikajifunika turubali gubigubi.

Nilikuwa nimekosa kuhesabu kitu kimoja tu, yaani baba yangu mdogo.

"Hapana, sio hiyo ya bluu," nikamsikia akimwambia Aloo, aliyekuwa amerudi na mafuta. "Hii nyingine ni ya nani?"

"Pia ni yangu, Mzee."

"Ndio tunapanda. Mama, soma hapo kwa ubavu wake pameandikwa nini."

Mama akasoma taratibu. "Kisumu Ndio Jiji."

"Asante. Hata boti inajua."

Boti ikayumba. Mtu mzito akaingia, kisha mwingine, kisha Aloo akatusukuma. Mercyline alisema atatungojea pale kwa samaki, maana boti humtapisha. Mashine ikanguruma. Kupitia tundu dogo la turubali niliona viatu viwili vya kijani, karibu kiasi kwamba ningeweza kuvifunga kamba.

Ningeruka majini, wewe unasema. Ndugu yangu, maji yalikuwa wapi?

"Hii ndio ziwa?" Mama akauliza.

Baba mdogo alikohoa. "Ziwa liko chini."

"Chini ya nini? Hii ni malisho. Ningejua ningekuja na ng'ombe."

"Hiyo ni bustani ya jiji, Mama. Inaelea. Leo iko hapa, kesho iko kule, ndio kila mtaa upate. Eldoret mko na bustani inayoelea?"

"Bustani yetu inakaa mahali tuliiweka."

"Ndio maana nasema bado mnajifunza."

Mama alicheka. Nilimsikia vizuri, kicheko cha tumboni, na nikaanza kupata matumaini. Mtu akicheka na baba mdogo Absalom, ama amempenda ama amechoka, na yote mawili hutufaa.

Kisha mashine ikakwama. Aloo aliivuta kamba, ikakohoa, ikanyamaza. Akainua mashine kutoka majini, mizizi ikaning'inia juu yake.

"Njia imefunga," akasema. "Mbele na nyuma."

"Mpaka saa ngapi?" Mama akauliza.

"Mpaka upepo ugeuke, Mama. Haunaga ratiba."

Walikaa. Jua lilikuwa utosini. Chini ya turubali nilikuwa nikiiva, na pua yangu ilikuwa imelalia kamba iliyonuka omena, wale dagaa wa ziwani, wa tangu zamani. Sikujua mtu anaweza kutoka jasho nyuma ya masikio. Mji ulikuwa pale pale, tuliweza kusikia pikipiki, na hakuna aliyeweza kuufikia.

"Hii mbao inaniumiza," Mama akasema baada ya muda. "Nataka kukaa hapo kwa turubali. Naona pako laini."

"Ngoja nikutengenezee," baba mdogo akasema kwa adabu, akaja, akafunua pembe.

Tukatazamana.

Sijawahi kumwona baba mdogo akikosa la kusema, hata siku alipoitwa kwa makosa kutoa hotuba kwenye mazishi ya mtu asiyemjua. Siku hiyo alikosa. Akarudisha turubali juu ya uso wangu kama daktari aliyemaliza kazi.

"Mama, hapo hapafai," akasema. "Kuna kamongo."

Kamongo ni yule samaki mrefu anayeweza kukaa nje ya maji siku nyingi, akipumua. Nadhani ndiye mnyama pekee aliyemjia akilini aliyelingana na urefu wangu.

"Amekufa?"

"Ako hai. Lakini amelala."

"Anauma?"

"Sana."

"Bwana Absalom, mimi nimelalia fahali mgongoni akichomwa sindano. Kamongo ni nini?"

Akaketi.

Aliketi juu ya mbavu zangu za kulia, akajirekebisha, akashusha pumzi ya mtu aliyepata kiti kizuri. Mkono wangu wa kulia ukabaki chini yake. Chini ya mkono kulikuwa na mfuko wa suruali wenye simu. Hapo ndipo nilipojua kwamba ndoa yangu imekwisha, na kwamba ni mimi na baba mdogo tu tunaojua.

Aloo naye alikuwa amegundua. Niliona miguu yake ikirudi nyuma polepole mpaka mwisho wa boti.

"Sasa nikuambie ukweli," Mama akaanza, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Mimi sikukuja kuangalia barabara. Barabara ni lami, kila mahali ni lami. Hata ziwa, nikiiona ama nisiione, ni maji."

"Ni maji matamu," baba mdogo akasema kwa shida.

"Nyamaza kidogo. Nilikuja kuangalia huyo kijana. Tangu asubuhi niko ndani ya mji wake. Nimepita soko lake, nimepita mtaa wake, na sijaona hata kisigino. Vijana wa kwetu siku hizi wananikumbatia barabarani. Mmoja aliniita mathe, akanishika bega. Huyu hajanisogelea. Anajua mama mkwe ni nani."

Baba mdogo akasema, "Anajua kabisa."

"Mji unaolea kijana wa namna hiyo ni jiji. Hiyo nimekubali. Nikitoka hapa namwambia Mzee Wanyonyi akubali. Mercyline wangu amepata mtu wa heshima."

Nililia, sitaki kudanganya. Nililia bila sauti, machozi yakiteremka kwenye kamba ya omena. Nilikuwa nimepewa mke na mtu aliyenikalia. Ningekuwa kweli nyuma ya mti fulani huko ufukweni, ningekuwa mwanamume mwenye furaha kuliko wote kutoka Ahero mpaka Kisian. Upepo ukigeuka, tukifika, Mama akishuka salama, ningejua kunyamaza mpaka kaburini. Nilianza kuamini inawezekana.

"Mpigie simu," Mama akasema.

"Nani?"

"Huyo kijana. Mimi siwezi kuongea na yeye, lakini wewe mwambie, mimi nisikie akifurahi."

"Tutamwambia tukifika, Mama."

"Mwambie sasa. Habari njema haingojei upepo."

"Tatizo ni…" Baba mdogo alivuta pumzi. "Tatizo ni network. Huku majini haishiki."

Nilimbariki kimoyomoyo. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze safari hii ya posa, mdomo ulikuwa umefanya kazi niliyoubebea.

Nikasikia mwili wa Mama ukitikisika juu yangu. Alikuwa akicheka.

"Haishiki? Hata nyumba za mjini bado naziona kutoka hapa."

"Ni maji, Mama."

"Eldoret nikiwa zizini, ndoo kati ya magoti, nakamua, simu inashika. Nikiwa ndani ya mahindi imenipita kichwa, inashika. Jiji la miaka yote hii, ukitoka mlangoni hatua kidogo, network imekufa?" Alijipangusa macho. "Nitamwambia Mzee Wanyonyi. Binti yetu ataolewa, lakini aende na tarumbeta, ndio akitaka kutusalimia apulize."

Aloo alicheka. Hakukusudia, lakini alicheka.

Kupitia tundu nilikuwa nikiona viatu vya baba mdogo. Kiatu cha kushoto kilianza kugongagonga mbao. Nakijua kiatu hicho. Kiligonga hivyo hivyo kule Eldoret, kabla hajakataa maziwa yao na kusema kwetu hayo tunawapa paka.

Nikamwomba baba mdogo moyoni, kwa maneno yote niliyonayo. Baba, acha Kisumu ishindwe. Mara moja tu. Ishindwe na network, nipate mke.

Kiatu kikaacha kugonga.

"Mama," baba mdogo akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeapishwa, "Kisumu iko na network."

"Wewe ndio umesema haiko."

"Iko. Iko kila mahali. Hata chini ya turubali iko."

Nikasikia vidole vyake vikibonyeza. Nilijaribu kuvuta mkono, haukutoka. Nilijaribu kuhamisha kiuno, Mama akajikalisha vizuri zaidi. Kwanza simu ilitetemeka.

"Kamongo ameamka," Mama akasema.

Kisha sauti ikatoka, kubwa, safi, ya mtu aliyeshiba, na hapo nikajua baba mdogo aliirekebisha vipi ile simu asubuhi.

"Eldoret si jiji. Ni shamba la mahindi lenye taa za barabarani. Eldoret si jiji. Ni shamba la mahindi…"

Baba mdogo alisahau kukata. Mama Nasipwondi hakuruka, hakupiga kelele, hakuinuka. Alisikiliza mpaka simu ilipochoka yenyewe.

"Bwana Absalom," akasema polepole, "mbona huyu kamongo anaongea na sauti yako?"

Kisha kupitia tundu nikaona vidole vyake vikishika pembe ya turubali.